Nimesawazisha rangi za laptopu kwa programu ya Windows yenyewe: nyota nne

Napiga picha za harusi hapa Tanga. Mwezi uliopita nilichapisha picha za bibi harusi, uso ukatoka na giza na shela ikaingia umanjano. Kwenye laptopu zilikuwa safi kabisa! Kumbe mwangaza wa kioo ulikuwa juu mno, na weupe wake uliegemea buluu, kwa hiyo nilikuwa nasahihisha kosa lisilokuwepo.

Programu ya kusawazisha rangi imo ndani ya Windows, bure. Bonyeza Start, andika dccw, kisha Enter. Kwanza acha laptopu iwake nusu saa, zima ile rangi ya usiku (Night light, inayokifanya kioo kiwe na umanjano), na usikae kioo kikiangalia dirisha. Hatua ya gama, yaani jinsi kioo kinavyoonyesha mwanga wa kati baina ya giza na weupe, ndiyo niliyoipenda: unasogeza kitelezi mpaka vidoti vya katikati ya miduara vikaribie kupotea. Halafu zinakuja pau za kijivu. Unapunguza nyekundu, kijani au buluu hadi kijivu kiwe kijivu kweli. Hapo niliganda dakika kumi nzima.

Nyota moja naiondoa kwa sababu kipimo ni jicho lako, na jicho huzoea haraka. Kifaa cha kupimia kinachowekwa juu ya kioo, kama Datacolor Spyder, ni sahihi zaidi ila kinakula pesa. Kioo chenye rangi chache nacho hakitaongezewa rangi.

Picha nimezichapisha upya. Shela ni nyeupe, na mama wa bibi harusi ameshatundika moja sebuleni.