Kufuli za mazoezi zilizokatwa ubavu: uzoefu wangu nikiwa fundi wa funguo Kampala

Kazi yangu ni kuchonga funguo na kufungua kufuli zilizopotewa na funguo zake, hapa katikati ya Kampala, karibu na Kikuubo. Wateja wengi ni wapangaji wa "mizigo", ndivyo tunavyoviita hapa vile vyumba vya kupanga vilivyo mstari mmoja, na wenye vibanda sokoni. Mafundi wengi wa mjini dawa yao ni moja tu: grainda. Kata, chukua hela, kisha muuzie mteja kufuli mpya. Mteja kalipa mara mbili, na kufuli iliyokuwa nzima imekwenda kwenye chuma chakavu. Nilitaka kufungua bila kuharibu, ndiyo nikaagiza seti ya kufuli za mazoezi kutoka China. Mpaka inafika mkononi, ushuru na nauli ya bodaboda vikiwemo, ilinila shilingi 140,000 hivi.

Ndani kulikuwa na kufuli moja ya plastiki inayoonyesha kila kitu, mbili za shaba zilizochongwa dirisha ubavuni, na vijiti vya kufungulia pamoja na chuma kilichopindwa cha kusukumia silinda. Ile ya plastiki sina la kuisema sana. Matundu yake yamelegea mno, ukipitisha kijiti chenye mawimbi na kukitikisa kidogo inafunguka. Mpe mtoto achezee.

Za shaba ndizo zenye shule. Kufuli ya pini tunayoitumia leo inafuata mfumo ambao Mmarekani Linus Yale Mdogo aliuwekea hataza miaka ya 1860: silinda inayozunguka, na ndani ya kila tundu pini mbili zilizopandana, zikisukumwa chini na springi. Ufunguo sahihi unazinyanyua pini mpaka maungio yao yote yanalingana na ukingo wa silinda, nayo inazunguka. Hayo nilikuwa nayajua kwa mdomo. Ambacho sikuwahi kukiona kwa macho ni kwa nini kijiti kinaweza kufanya kazi ya ufunguo. Hakuna kiwanda kinachotoboa matundu yakanyooka sawasawa. Kwa hiyo ukiisukuma silinda kidogo kwa kile chuma kilichopindwa, pini moja inabanwa kabla ya wenzake. Ukiinyanyua hiyo mpaka ikae, silinda inasogea unywele mmoja na kuibana nyingine. Dirishani unaona kabisa: pini nne zinaruka na kurudi kama hazina habari, ya tano imekakamaa. Na mara nyingi inayoanza kubana si ya mbele, ni ya katikati au ya nyuma kabisa.

Kufuli ya pili ndiyo iliyonifanya nisijutie pesa. Baadhi ya pini zake za juu zimechongwa kiuno, nyembamba katikati na pana kwenye ncha, kama kibiringo cha uzi cha fundi cherehani. Unapoinyanyua pini ya namna hii, silinda inageuka ghafla na unadhani umeshinda, kumbe kiuno cha pini ndicho kilichoingia kwenye ukingo na midomo yake imenasa. Gizani ungesukuma kwa nguvu na kuzidi kuikaza. Dirishani unaona dawa yake: legeza taratibu mkono wa kushoto, ule unaosukuma silinda, huku ukiendelea kuisukuma pini juu. Silinda inarudi nyuma kidogo, mdomo wa pini unapita, tiki, imekaa. Ile hali ya silinda kukurudia mkononi ndiyo ya kuikariri, kwa sababu kwenye kufuli ya mteja hutaona chochote.

Sasa kasoro. Mojawapo ilikuja na makali ya shaba kwenye kingo za dirisha, hayakusuguliwa kiwandani. Pini moja ilikuwa inajikwaa hapo, na anayeanza angedhani ndiyo tabia ya kufuli. Nililipitishia tupa nyembamba, yakaisha. Muuzaji nilimwandikia, hakujibu. Pia vijiti vya seti ni laini na vinene. Kile cha ndoano kinapinda ukikutana na springi ngumu. Vumbi letu nalo linaingia dirishani bila hodi. Usitie mafuta, yatashika vumbi yawe tope. Unga wa risasi ya penseli unatosha.

Kasoro kubwa haiko kwenye bidhaa, iko kwenye macho. Kijana ninayemfundisha aliizoea ile ya kawaida mpaka akawa anaifungua huku anapiga stori, lakini nikimpa kufuli nzima ya dukani anaganda. Alikuwa anaongozwa na dirisha, vidole havijajifunza kitu. Nikaliziba dirisha kwa utepe mweusi wa umeme. Anafungua gizani kwanza, akikwama anabandua, anatazama ni pini gani, anabandika tena. Hapo ndipo mkono ulipoanza kuelewa. Ukinunua, usikae na dirisha wazi kwa muda mrefu.

Jambo lingine kwa walio Uganda: sheria ya makosa ya jinai haipendi mtu akutwe usiku na vifaa vya kuvunjia nyumba bila sababu halali. Vijiti vyangu vinalala dukani, na nikiitwa usiku naenda na mwenye nyumba au mtu wa LC1, yaani uongozi wa mtaa, akiwa amesimama pale pale mlangoni.

Kwa anayetaka kununua, ruka seti. Tafuta kufuli moja ya shaba iliyokatwa, yenye pini za kiuno, na iwe ya kufunguka juu ili ubadilishe pini na springi mwenyewe. Yangu haifunguki, na mpangilio wa pini ukishaukariri umebaki na kufuli ya kuwaonyesha wateja. Kwa hilo, kusema kweli, inafanya kazi nzuri: mteja akiuliza kwa nini kufungua ni ghali kuliko kukata, namuwekea mezani na kumwambia, "Ssebo (yaani bwana), tazama humu ndani."