Rafu za Nchi: Tathmini ya Duka la Kuazimisha Vitabu Mjini Kisumu

Katika uchochoro mmoja unaochepuka kutoka Barabara ya Oginga Odinga, mjini Kisumu, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, pana chumba cha vitabu ambacho nimekuwa mteja wake kwa miezi 14 sasa. Maduka mengi ya vitabu niliyoyazoea hupanga bidhaa zake kwa mahitaji ya shule: vitabu vya kiada mbele, vya marudio kando yake, Biblia karibu na mlango, na riwaya, ikiwa zipo, kwenye rafu ya chini ambako mteja hulazimika kuchutama. Chumba hiki kimepangwa kwa nchi. Ukiingia unakutana na Uganda upande wa kushoto, Tanzania inafuata, kisha Ethiopia, na hivyo unaendelea kuzunguka kuta nne mpaka unarudi mlangoni ukiwa umepita Asia, Ulaya na Marekani. Mwenye duka ni mama mmoja aliyeuza vitabu vya mitumba kandokando ya soko la Kibuye kwa miaka mingi kabla ya kupanga chumba hiki. Anauza vitabu kama wauzaji wengine, lakini pia anaviazimisha kwa wale wanaotaka kuisoma dunia nchi moja baada ya nyingine, na ni huduma hiyo ya pili ninayotaka kuieleza hapa.

Mwanachama hulipa amana ya shilingi 500, ambayo hurejeshewa anapojiondoa, na shilingi 250 kila mwezi kwa M-Pesa. Kwa malipo hayo huruhusiwa kuchukua vitabu viwili kwa wakati mmoja na kukaa navyo majuma matatu. Hupewa pia daftari lenye orodha ya nchi 195, yaani wanachama 193 wa Umoja wa Mataifa, wa mwisho wao kujiunga ikiwa Sudan Kusini mwaka 2011, pamoja na Vatikani na Palestina ambazo ni waangalizi. Ukirudisha kitabu, mama hukuuliza maswali mawili matatu juu yake, na akiridhika kwamba umekisoma hupiga muhuri kwenye jina la nchi husika. Daftari langu lina mihuri 31. Kwa mwendo huo safari nzima itachukua miaka saba na ushei, na sioni sababu ya kuikimbiza, kwa kuwa ninafanya zamu za usiku katika duka la dawa na muda wangu wa kusoma ni ule wa baina ya saa saba na saa kumi, wakati ambapo wateja ni wachache na mji umetulia.

Mama humshauri kila mwanachama mpya aanzie kwa jirani. Mimi nilikuwa nimekusudia kuanza na Urusi, lakini alinikabidhi Wimbo wa Lawino. Nilidhani nakijua kitabu hicho, maana tulikisoma shuleni kwa Kiingereza. Okot p'Bitek alikitoa kwa lugha hiyo mwaka 1966, utenzi wenyewe wa Kiacholi ukachapishwa mwaka 1969, na Paul Sozigwa akautia katika Kiswahili mwaka 1975. Nilichokuwa sikijui ni kwamba mshairi huyo aliishi na kufanya kazi papa hapa Kisumu mwishoni mwa miaka ya 1960, na kwamba mwaka 1968 alianzisha tamasha la sanaa mjini humu. Mama anayo nakala kuukuu ya Kiacholi ambayo haiazimishi kwa mtu yeyote. Siku ile aliitoa katika mfuko wa nailoni, akaifungua na kunisomea kurasa mbili kwa sauti ya polepole. Yeye ni Mjaluo wa Seme, na kwa kuwa Kiacholi na Dholuo ni ndugu wa tumbo moja, aliweza kufuata sehemu kubwa ya maneno na kucheka kila Lawino alipomsuta mumewe Ocol. Mimi ni mtu wa Vihiga, lugha ya nyumbani ni Kimaragoli, kwa hiyo sikuambulia maana, niliambulia mapigo. Niliporudi kazini usiku huo na kuisoma tafsiri ya Kiswahili nikiwa bado na mapigo hayo masikioni, nilielewa kwa mara ya kwanza kwamba huyu ni mwanamke anayeimba mbele ya watu wa ukoo wake, wakati shuleni tulifundishwa kumjibia maswali ya mtihani. Sijui duka jingine ambalo lingenipa jambo hilo kwa shilingi 250.

Ubora mkubwa wa huduma hii uko katika vitabu vilivyotafsiriwa kwa Kiswahili. Kila rafu ya nchi yenye vitabu vya Kiswahili ina upande wake uliotiwa utepe wa kijani, na mama husisitiza kwamba kama kitabu cha nchi fulani kipo kwa Kiswahili ukianze hicho kabla ya kugusa cha Kiingereza. Mwanzoni nililiona sharti hilo kuwa zito. Nililikubali kwa moyo mmoja nilipofika Senegal. Barua Ndefu Kama Hii ya Mariama Bâ, iliyotoka kwa Kifaransa mwaka 1979 na kupewa Tuzo ya Noma, ya vitabu vinavyochapishwa Afrika, ilipotolewa kwa mara ya kwanza kabisa mwaka 1980, ni barua ya mjane Ramatoulaye kwa rafiki yake Aissatou, na anaiandika akiwa ndani ya eda. Nilipokuwa nimeisoma kwa Kiingereza miaka ya nyuma, hali hiyo ya kujifungia ilinijia kama desturi ya mbali inayohitaji kufafanuliwa. Msomaji wa Kiswahili hahitaji ufafanuzi: neno eda analo, na miezi minne na siku kumi zake anazijua hata kama yeye si Mwislamu, kwa kuwa amewahi kuwa na jirani aliyeikaa. Vivyo hivyo uke wenza ni jambo ambalo lugha yetu imelibebea msamiati wa kutosha, ukiwa na uchungu wake ndani. Nilimaliza kitabu hicho alfajiri, na kwa siku kadhaa nilishindwa kuchukua kingine.

Ghana nayo ilinishika kwa namna yake. Wema Hawajazaliwa, riwaya ya Ayi Kwei Armah ya mwaka 1968, inamhusu karani wa reli anayekataa hongo na kudharauliwa kwa ajili hiyo hata na watu wa nyumbani kwake. Kuisoma katika mji ambao reli iliufikia mwaka 1901 na kuupa sura uliyonayo ni jambo linalogusa. Nilikuwa nikipita karibu na stesheni asubuhi huku nikimfikiria karani yule na taa ya ofisi yake. Aliyeitafsiri ni Abdilatif Abdalla, mshairi wa Mombasa, miaka michache baada ya yeye mwenyewe kutoka gerezani alikofungwa kuanzia 1969 hadi 1972 kwa maandishi yake ya kisiasa. Kiswahili chake katika kitabu hiki kina nguvu na harufu. Uchafu unaoelezwa humo unanuka kweli. Shujaa Okonkwo, tafsiri ya riwaya ya kwanza ya Chinua Achebe wa Nigeria aliyoifanya Clement Ndulute mwaka 1973, ni nzuri pia ingawa si ya kiwango hicho. Boi, ya Ferdinand Oyono wa Kameruni, ni fupi na inaumiza.

Ukizitazama rafu hizo kwa makini utagundua jambo ambalo mama amelifanya lionekane kwa kuandika mwaka wa tafsiri chini ya kila kitabu. Shamba la Wanyama la George Orwell ni la 1967. Shujaa Okonkwo ni 1973, Wimbo wa Lawino 1975, Viumbe Waliolaaniwa cha Frantz Fanon 1978, Mkaguzi Mkuu wa Serikali, tamthilia ya Gogol, 1979. Baada ya hapo utepe wa kijani unakuwa mchache, rafu baada ya rafu, hadi unapokutana na Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka mwaka 2022, mwaka mmoja tu baada ya mwandishi wake, Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, kutunukiwa Tuzo ya Nobel. Riwaya yenyewe ilichapishwa kwa Kiingereza mwaka 1994. Watu wa pwani waliomo ndani yake walingoja miaka 28 kusema lugha yao kwenye karatasi. Nilisimama mbele ya rafu ya Tanzania nikiwa na kitabu hicho mkononi na nikaona hasira kidogo, na mama akaniambia, "Daktari, ndiyo maana naandika miaka. Watu waone pengo." Ninamheshimu sana kwa hilo.

Pasipo na Kiswahili, duka linategemea Kiingereza, na kwa Afrika linategemea zaidi vile vitabu vya jalada la rangi ya chungwa vya mfululizo wa kampuni ya uchapishaji ya Heinemann ulioanza mwaka 1962. Ni kwa njia hiyo nilipata mihuri ya Sudan, Msumbiji, Lesotho na Angola. Hali ya nakala hizo ni ya kubahatisha. Angola nilipewa riwaya ya Pepetela iliyokosa kurasa 16 katikati, na nikaligundua hilo saa tisa za usiku, wapiganaji wakiwa katikati ya msitu. Mama aliomba radhi, akanirejeshea siku nilizopoteza na kunitafutia nakala nyingine, lakini ilichukua wiki tano. Ninashauri wanachama wahesabu kurasa kabla ya kuondoka, na ninamshauri mama aweke daftari la vitabu vyenye kasoro. Unyevu wa ziwa pia unavila vitabu. Rafu iliyo karibu na dirisha, ambayo kwa bahati mbaya ndiyo ya Amerika ya Kusini, ina madoa ya ukungu na ingefaa ihamishwe kabla ya mvua za masika. Visiwa vya Pasifiki vina kitabu kimoja tu, cha Albert Wendt wa Samoa, na foleni yake ni ndefu.

Kuna suala jingine ambalo mimi na mama hatujakubaliana, nalo ni la nani ahesabiwe kuwa mwandishi wa nchi gani. Sharti la duka ni kwamba mwandishi awe mzaliwa wa nchi, wala si mgeni aliyepita akaandika aliyoyaona. Ninaunga mkono nia yake kwa dhati. Afrika Mashariki imeandikwa vya kutosha na wapita njia, na mtu anayedhani ameisoma Kenya kwa kusoma kumbukumbu za mlowezi amesoma shamba la mlowezi. Hata hivyo kuzaliwa peke yake hakutoshi. George Orwell alizaliwa India mwaka 1903, lakini mama amemweka Uingereza, na amefanya sawa. Gogol alizaliwa katika ardhi ambayo leo ni Ukraine na akaandika kwa Kirusi. Mkaguzi Mkuu wa Serikali uko kwenye rafu ya Urusi. Frantz Fanon alizaliwa Martinique, ambayo ni sehemu ya Ufaransa hadi leo, akatibu wagonjwa wa akili katika hospitali ya Blida nchini Algeria, akajiunga na wapigania uhuru wa huko na kuzikwa huko. Viumbe Waliolaaniwa uko Algeria. Kwa hiyo sharti linalotumika kwa kweli si la kuzaliwa. Ni la mahali ambapo maandishi ya mtu yalikita mizizi, na mama angefanya vyema kuliandika hivyo ukutani ili wanachama wapya wasibishane naye kila Jumamosi. Mimi nimepokea muhuri wa Urusi kwa Gogol na ninaendelea kumtafuta mwandishi wa Kiukraine kwa ajili ya Ukraine.

Kwa anayetaka kujiunga, siku nzuri ni Jumatano au Alhamisi alasiri, kwa kuwa Jumamosi chumba hujaa wanafunzi na mama hapati nafasi ya kukaa nawe. Faini ya kuchelewa ni shilingi 10 kwa siku, na hutozwa bila kusamehewa. Vitabu vya watoto havitoshi, ijapokuwa Mwana Mdogo wa Mfalme upo na binti ya dada yangu ameuazima mara mbili. Ngazi ni za mwinuko mkali na hazina mahali pa kushika. Mzee mmoja mwanachama hupigia simu kutoka chini, na mama humshushia vitabu vyake.

Wiki iliyopita niliomba Komoro. Kikomoro kiko karibu na Kiswahili kiasi kwamba nikimsikiliza mtu wa Ngazija kwa utulivu ninashika neno moja katika kila matatu, na bado rafu ya nchi hiyo haina utepe wa kijani hata mmoja. Mohamed Toihiri alitoa riwaya ya kwanza ya nchi hiyo kwa Kifaransa mwaka 1985, na mama hana nakala yake kwa lugha yoyote. Ameandika jina langu kwenye kadi na kuichomeka mahali ambapo kitabu kingekaa, baina ya Madagaska na Shelisheli, na amempa mfanyabiashara mmoja anayekwenda Mombasa kila mwezi kazi ya kuuliza.