Usiku Mtakatifu kwa sauti nne: nota nilizouziwa hapa Tanga

Nota hizi za solfa (do, re, mi) nimezilipia kwa ajili ya mkesha wa Krismasi, na hasira bado ninayo. Ubeti wa kwanza do, yaani nota ya msingi, ni Bb, wa pili C, wa tatu D, kila ubeti unapanda. Kwa Bb, do ya kumalizia iko chini mno, sauti ya kwanza (soprano) inabaki pumzi tupu. Kwa D, fa ya juu inakuwa G, juu mno, na wimbo wenyewe ni wa kubembeleza mtoto! Shika C mwanzo hadi mwisho, yaishe.

Hilo linavumilika. Lisilovumilika ni hiyohiyo fa ya juu, karibu na mwisho. Pale sauti zinatakiwa kwa pamoja zijenge so, ti, re, fa. Mpangaji besi kaipa so, sauti ya tatu re, na ya pili kaipa fa ileile ya sauti ya kwanza, oktava moja chini. Ti kaimba nani? Hakuna. Tena sauti ya kwanza na ya pili zinashuka sambamba, kwaya inasikika kama ina sauti tatu.

Dawa yake: sauti ya pili ianze na ti, ishuke so pale sauti ya kwanza inapofika ti, ya tatu itoke re iende fa, kisha itue mi. Besi iachwe kwenye so mpaka wote waende do.

Muuzaji nilipomwandikia WhatsApp, jibu lake: "Mwalimu, kwaya nyingine wameimba, hawajalalamika." Watalalamika vipi? Wimbo wanaujua tangu utotoni, wakifika hapo wanaacha karatasi wanaimba ya kichwani.

Ila ubeti wa pili, jamani! Wanaume wanaghuna midomo imefungwa, sauti ya pili inabeba wimbo, kinanda kimya. Hata umeme ukikatika Chumbageni hamtetereki. Mwaka 1818 kule Oberndorf, Austria, mtunzi wake, Franz Gruber, aliutungia sauti mbili na gita, kwaya ikirudia maneno ya mwisho tu, na hapa mpangaji ameuelewa utulivu huo. Kwa ubeti huu ningesema nunueni.

Halafu unatazama karatasi: vile vimstari vya oktava vimefutika, re ya juu na ya chini huzitofautishi. Elfu kumi nzima! Msinunue. Au nunueni, lakini virudishieni vimstari kwa kalamu nyeusi kabla ya kupeleka stashenari kutoa kopi za kwaya nzima; nyekundu haitoki vizuri kwenye mashine zao.