Kufunga skrini wima au kuiacha igeuke

Mtengenezaji wa programu ya simu, tuseme ya kuandikia mauzo ya samaki pale sokoni Deep Sea, Tanga, ana njia mbili: kuifunga skrini ibaki wima daima, au kuuacha mpangilio ujirekebishe kulingana na upana uliopo. Ya kwanza ni rahisi, na kwa mchuuzi anayeshika simu kwa mkono mmoja huku mwingine ukiwa kwenye mizani, inatosha. Ya pili inadai kazi zaidi, kwa kuwa simu inapogeuzwa, Android kwa kawaida huubomoa ukurasa na kuujenga upya, hivyo kilo zilizokwisha kuandikwa zaweza kupotea zisipohifadhiwa mapema. Hata hivyo, naipendelea hii ya pili, kwa sababu karani anayekagua hesabu za mwezi kwenye tableti anahitaji kuona safu zote kwa pamoja, na kumlazimisha aishike wima ni kumwongezea usumbufu bure. Isitoshe, Android 16, iliyotoka mwaka 2025, kwa kawaida hulipuuza kufuli hilo kwa programu zinazoilenga (yaani zilizotangazwa na watengenezaji wake kuwa zimeundwa kwa toleo hilo), michezo ikiachwa, kwenye skrini ambazo upande wake mfupi unaanzia dp 600 (dp ni kipimo cha Android cha ukubwa wa vitu kwenye skrini), kama zile za tableti.