Kozi ya Kiingereza cha kuongea hapa Dodoma: mwalimu kazi anaijua, lakini pole hakunipa

Naandika nikiwa bado na donge kooni. Jambo lenyewe limepita muda kidogo, mvua zilikuwa hazijaanza, na nilifikiri nikinyamaza litaisha. Halijaisha. Kwa hiyo anayetafuta jibu la haraka nimpe hapa hapa: kile kituo cha kufundisha kuongea Kiingereza kwa watoto na watu wazima, kilichoko ghorofani katikati ya mji, msiende. Jina silitaji, sitaki kesi na mtu.

Mimi ni mama wa makamo, nina gesti ya vyumba 6 upande wa Nzuguni. Shule niliishia darasa la saba. Miaka mingi wageni wangu walikuwa watu wa mahindi na alizeti kutoka Kondoa, Singida na Mpwapwa, na Kiswahili kilitosha. Serikali ilipohamia huku, na reli ya SGR ilipoanza kujengwa, wakaanza kuja wengine: mafundi wa Kituruki, Wachina, watafiti wanaokwenda vijijini. Kila mgeni wa namna hiyo akifika nilikuwa namtoa mwanangu wa kidato cha pili kwenye madaftari yake aje anisemee. Kuna mmoja aliniuliza chai ya asubuhi ni saa ngapi, nikamwambia "two o'clock", kwa sababu kwetu ni saa mbili. Yule bwana alishinda na njaa asubuhi nzima, akaja mezani saa nane mchana. Iliniuma sana. Mtu amelala kwangu, amelipa, halafu ameshinda njaa kwa ajili ya ulimi wangu. Wiki ile ile nikaenda kujiandikisha.

Ada ilikuwa 80,000 kwa mwezi, jioni tatu kwa wiki. Darasa moja mmekaa wote: watoto wa darasa la tano waliotoka shule na sare zao, vijana waliomaliza kidato cha nne, kijana wa bodaboda, watumishi wawili wa serikali wanaofanya kazi Mtumba, na mimi. Mwalimu ni kijana, umri wa mwanangu wa kwanza. Siku ya kujiandikisha alinipa shikamoo yangu vizuri kabisa. Ukishaingia darasani shikamoo inaishia mlangoni, mama na mtoto mnapewa "good evening" moja. Mlangoni kumebandikwa karatasi kwamba Kiswahili ni marufuku, neno moja faini 200. Nilikubali. Nilisema ndiyo dawa yenyewe, chungu.

Sasa siku yenyewe.

Tuliambiwa kila mtu atasimama aeleze habari za mtu anayempenda. Nikamchagua mama yangu mzazi. Nilijiandaa siku mbili. Usiku nikishafunga geti natembea uani nasema peke yangu, mwanangu ananisahihisha kupitia dirishani. Nilitaka kusema kwamba mama alilima zabibu Hombolo. Kwamba alikuwa anabeba tenga kichwani mpaka barabarani, na kwa kuwa zabibu ya huku huvunwa mara mbili kwa mwaka, sisi watoto tulijua mara mbili kwa mwaka kuna kitu kipya nyumbani, kama si kanga ni viatu. Mama alikuwa mtu wa Kigogo. Kiswahili chenyewe alikipata ukubwani na hakikunyooka mpaka mwisho. Aliuza zabibu soko la Sabasaba kwa Kiswahili hicho hicho cha kuchanganya, na mimi nilikuwa nakaa pembeni ya lile tenga, sikumbuki mteja hata mmoja aliyemcheka.

Nikasimama. Sentensi ya kwanza ikaenda. Ya pili ikaenda. Ya tatu nikasema "he".

Anayejua Kiingereza ataniona mzembe, kwa hiyo nieleze. Sisi tunasema alilima, akauza, akatulea. Hiyo "a" haijali kama ni mwanamume au mwanamke. Kigogo nacho hivyo hivyo. Mwingereza anatakiwa achague kila anapomtaja mtu, na mimi nimeishi zaidi ya miaka 50 bila kuchagua. Ulimi unadaka lililo karibu. Kwangu lililo karibu ni "he". Hili kosa tunalo wengi, hata watumishi wale wa Mtumba wanalo, na mwalimu wa Kiingereza aliyezaliwa Tanzania analijua kuliko mimi.

Mwalimu wetu akaninyooshea kiganja kama trafiki. Akauliza darasa: mama yake ni mwanamume? Watoto wakacheka. Nikarekebisha, nikaendelea, nikakosea tena, maana sasa hata karatasi ilikuwa inatetemeka. Hapo akajishika kidevu kama mwenye ndevu, akatembea mbele ya ubao kwa mwendo wa kiume, anasema mimi ndiye mama. Darasa zima likaangua kicheko. Mtoto aliyekaa jirani yangu, ambaye jioni zote nilikuwa namgawia karanga zangu, alicheka mpaka akalaza kichwa mezani.

Nilikuwa nimebakiza sentensi moja. Ningeweza kukaa. Sikukaa, kwa sababu sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya nimchague mama. Nikasema amefariki. Niliisema vibaya, nilisema "he is died", sasa najua. Kicheko kikakatika. Kijana wa bodaboda akainamisha kichwa. Mwalimu akageukia ubao, akaandika "she passed away", akanitaka nirudie. Nikarudia. Akasema "good", akaita anayefuata.

Pole hakunipa.

Nimelifikiria hili jambo kwa kila upande. Kwetu mtu asiyekujua akikuona umejikwaa anakupa pole. Ukitoka kazini, pole. Ukiwa na mafua, pole. Mtu akikutajia msiba, hata kama ni wa miaka kumi nyuma, unaacha ulichoshika. Mwanangu anakitetea kile kituo, anasema mama, labda ni ile sheria ya mlangoni, angesema pole ingekuwa Kiswahili. Basi angesema kwa Kiingereza! Si ndicho tulichomlipa? Siku chache baadaye nilikuwa namwandalia chai mgeni wangu mmoja Mturuki, fundi wa umeme, ambaye Kiingereza chake kinakwenda kwa vipande kama changu. Akaniuliza mbona sicheki kama zamani. Nikamwambia kwa yale maneno ya ubaoni, mother, passed away. Yule mzee akaweka kikombe chini, akasimama, akaweka mkono kifuani, akasema "sorry, mama, very sorry". Neno moja tu, na lilikuwa pole kamili. Mimi nikalia pale pale kwenye birika.

Hata hivyo lazima niseme na upande wa pili, la sivyo nitakuwa namsingizia mtu. Yule kijana kufundisha anajua. Mambo ya kuandika sarufi daftari zima hana. Unaongea kuanzia siku ya kwanza, anarekodi sauti yako kwenye simu yako mwenyewe, unaenda kujisikiliza nyumbani. Alituonyesha kwamba maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu, ndiyo maana tukiongea Kiingereza tunaongeza vokali mwishoni, "milk" inakuwa miliki, na akatufundisha kufunga neno pale linapoishia. Hesabu ya saa alinimalizia jioni moja. Na kuna hili la kujibu maswali ambalo peke yake naona lilirudisha nusu ya ada. Mgeni akikuuliza, hakuna maji ya moto? sisi tunajibu ndiyo, tukimaanisha ni kweli, hakuna. Anayeuliza kwa Kiingereza akisikia "yes" anajua maji yapo, anavua nguo anaingia bafuni. Kumbe hapo unatakiwa useme "no". Fikiria ni wageni wangapi nimewaogesha maji ya baridi na asubuhi ya Juni ya Dodoma mnaijua. Hakuna mtu aliyewahi kunieleza hilo, wala shuleni, wala mwanangu mwenye kidato cha pili.

Leo mgeni akifika nampokea mwenyewe, namwonyesha chumba, namwambia bei, saa ya chai na mahali pa kupata bajaji. Mwanangu amebaki na madaftari yake. Hilo nimelipata kwenye kituo kile kile, kwa kijana yule yule. Kwa hiyo pale juu niliposema msiende, nilikuwa na hasira. Kijana mwenye shida ya usaili, mtu mwenye ngozi ngumu, aende. Atatoka anaongea.

Lakini watoto? Hapo narudi nyuma. Kuna wazazi wanaopeleka watoto pale kwa nia njema kabisa, wanajua kidato cha kwanza masomo karibu yote yatabadilika kuwa Kiingereza baada ya shule ya msingi ya Kiswahili, wanataka mtoto asiende kubaki bubu darasani. Nawaelewa. Ila mjue mtoto atajifunza na hilo lingine. Yule wa karanga hakuzaliwa anacheka mtu mzima anayemwelezea mama yake. Alimtazama mwalimu, akaona ruhusa ipo. Sisi enzi zetu kuna waliovishwa kibao shingoni kwa kusema Kigogo shuleni, na mpaka leo wapo watu wazima wanaoona haya kuongea lugha ya nyumbani mbele za watu. Nilifikiri mambo hayo tuliyaacha huko.

Sikurudi tena. Nilikuwa nimebakiza nusu ya mwezi, nikampigia dada wa mapokezi kuuliza kama naweza kurudishiwa hata kidogo. Alikuwa na adabu, alijibu vizuri tu, ada hairudishwi. Sikubishana naye. Jioni nikapata ujumbe wa mwalimu kwenye WhatsApp. Nikaufungua haraka, maana nilijua sasa amefikiria. Ulikuwa umeandikwa kwa Kiingereza: nifanye mazoezi zaidi ya "he" na "she".

Mpaka wiki iliyopita maoni haya yalikuwa yameishia hapo, na nilikuwa nimeweka nyota tatu. Nilijiambia ni kijana, hana makuu, siku ile alikuwa anataka kuchangamsha darasa likamponyoka.

Nikaenda Sabasaba kununua vitunguu vya gesti, nikakutana naye uso kwa uso. Akaweka mfuko wake chini. "Shikamoo mama, umepotea sana." Nikaitikia marahaba, na kweli moyo ukalainika. Nikaona hapa hakuna karatasi mlangoni, hakuna faini, tuongee. Nikamwambia, mwanangu, yule niliyekuwa nawaeleza siku ile alikuwa mama yangu mzazi, na tulikuwa tumemzika muda si mrefu.

Akasema, "Najua mama, ulisema. Ila bado ulikuwa unachanganya he na she."

Nikalipia vitunguu nikaondoka. Nyota mbili nimezifuta.