Tovuti ya bure kwa duka la vitenge Kariakoo

Tovuti ya duka letu ilikaa bure kwenye kampuni moja ya nje, jina silitaji. Kuifungua hakuhitaji kadi ya benki, na kitufe cha WhatsApp kilifanya kazi vizuri tu. Kwa anayeonja biashara, hapo sina neno.

Kero ni anwani. Ndefu, na jina la kampuni yao mwishoni, ukimsomea mteja kwenye simu anakukatisha, "Dada, nitumie kwa WhatsApp." Halafu matangazo! Chini ya picha ya kitenge changu kizuri likakaa tangazo la kubeti. Shangazi akaniuliza kama siku hizi dukani tunachezesha kamari.

WordPress.com ya bure nayo huweka matangazo. GitHub Pages, huduma nyingine ya tovuti za bure, haina, ila inabeba kurasa tuli pekee (zisizochakata chochote upande wa seva), ukomo wa tovuti GB 1, na masharti yake hayaruhusu kuendesha duka la mtandaoni.

Mwanafunzi wa Mlimani anayetaka kuonyesha kazi zake, achukue ya bure. Mwenye duka, jichange ulipie jina la .co.tz, yaani anwani yako mwenyewe ya biashara ya Tanzania, na picha zako ziwe na nakala kwenye flashi: tovuti ya bure ikizima Jumamosi, saa ya wateja, huna wa kumpigia.