Uzoefu Wangu: Fimbo ya Selfi Ndani ya Bustani ya Michezo, Mombasa

Idi Pili niliwapeleka wanangu wawili pamoja na binti wa dada yangu kwenye bustani moja ya michezo ya maji na bembea za mashine iliyoko Pwani ya Kaskazini, ng'ambo ya daraja la Nyali. Sitaitaja kwa jina, kwa kuwa wafanyakazi wake walitupokea kwa heshima na lawama yangu ni ya utaratibu, si ya mtu. Naipa nyota tatu kati ya tano. Mbili zilizopungua zimetokana na kanuni yao ya fimbo za selfi, kanuni ambayo naiunga mkono kwa moyo wote, ila niliisikia kwa mara ya kwanza nikiwa nimekwisha kulipa, nimevua viatu na kupanda ngazi hadi juu kabisa ya mtelezo.

Fimbo yenyewe nilikuwa nimeinunua wiki moja kabla, katika duka la vifaa vya simu lililoko Barabara ya Digo, kwa shilingi 950. Ina vipande saba vinavyoingiana kama antena ya redio. Ikikunjwa inaenea kwenye mkoba wa kawaida, na ikivutwa yote hufika karibu sentimita 90. Kibanio chake kina springi na mipira miwili ya kushikilia simu, na kwenye mpini kuna kitufe cha kupigia picha kinachounganishwa na simu kwa Bluetooth. Kwa mzazi anayetoka na watoto watatu ni kifaa cha manufaa sana. Jioni moja pale Mama Ngina tulipata picha yetu sote wanne, na nyuma yetu meli ya makontena ikiingia bandari ya Kilindini, bila kumsimamisha mpita njia na kumkabidhi simu. Hata hivyo, nilipoichunguza vizuri nyumbani niliona kwamba springi haibani sawasawa simu ikiwa ndani ya kava nene, na baada ya kwenda nayo ufukoni mara mbili tu kiungo cha pili kilikuwa kimeanza kushika kutu. Hewa ya chumvi ya mji wetu haisamehe chuma hafifu, na atakayeinunua aipanguse kwa kitambaa kikavu kila anaporudi nyumbani.

Siku ya Idi foleni ilianzia barabarani. Dirishani nililipa kwa M-Pesa shilingi 3,900 kwa ajili yetu sote, tukapokea vikuku vya karatasi, kisha tukapita kwenye meza ya ukaguzi. Mlinzi alikipekua kikapu changu mpaka chini. Akatoa chupa mbili za maji na mkebe wa sambusa nilizokaanga alfajiri, akanieleza kwa adabu kwamba chakula cha nje hakiingizwi, akaviweka kwenye rafu iliyokuwa nyuma yake na kunipa kikaratasi chenye nambari ili nivichukue wakati wa kuondoka. Kisha akaishika ile fimbo, akaivuta kidogo, akaikunja tena na kuirudisha kikapuni juu ya mataulo. Nilimwuliza waziwazi kama inaruhusiwa. "Hiyo haina neno, mama," akanijibu, akageukia kikapu cha aliyenifuata.

Naomba msomaji akitazame kisa hiki kwa makini, kwa sababu ndicho kiini cha malalamiko yangu. Meza ilikuwapo, rafu ilikuwapo, vikaratasi vya nambari vilikuwapo, na mtu wa kukagua alikuwapo akiwa na fimbo mkononi mwake. Kilichokosekana ni kwamba hakuna aliyemwambia mlinzi huyo kuwa fimbo nayo ni miongoni mwa vitu vya kuzuiliwa.

Mtelezo mkubwa una ngazi nyingi za chuma, na siku hiyo tulizipanda hatua kwa hatua kwa karibu nusu saa tukiwa katikati ya umati wa watoto waliolowa. Binti yangu mdogo, mwenye umri wa miaka saba, alikuwa ameniomba nimpige video tukishuka pamoja. Tulipofika juu, kijana aliyekuwa akiwaruhusu watu mmoja mmoja, mwenye filimbi shingoni na fulana iliyoloa chepechepe, aliinyooshea fimbo kidole kabla hata sijafika mbele yake.

"Mama, kunradhi, hiyo fimbo haishuki."

"Mbona getini nimeambiwa haina neno, mwanangu?"

"Getini wao waangalia vyakula, mama. Huku juu mwenye dhamana ni mimi, na mtoto akiumia mimi ndiye nitakayeulizwa."

Akanionyesha kibandiko kilichokuwa pembeni mwa kikomeo cha ngazi, chenye ukubwa wa daftari la shule, kimeandikwa kwa Kiingereza kitupu na nusu yake imebabuliwa na jua. Sikubishana naye, kwa maana alikuwa akisema kweli na alikuwa akiilinda roho ya mtu. Watoto walishuka bila mimi. Mimi nilirudi chini kwa ngazi zilezile, nikiwaomba radhi wazazi waliokuwa wakipanda, nikavuka bustani nzima hadi kwenye makabati ya kuhifadhia mizigo yaliyo karibu na geti, nikalipa shilingi 300 kwa loka moja, nikaifungia fimbo humo na kurudi kwenye foleni ambayo sasa ilikuwa imefika hadi kwenye duka la aiskrimu. Nilipoteza karibu saa nzima. Mwanangu alikuwa amekwisha kushuka mara mbili, na ile safari ya kwanza, ambayo mtoto huikumbuka maisha yake yote, sikuiona.

Sasa niiseme haki ya kanuni yenyewe, maana nimewasikia wengi wakidai kwamba bustani huzuia fimbo ili wageni walazimike kununua picha zinazopigwa na wapiga picha wao. Sikubaliani nao. Simu ya kawaida ina uzito wa takriban gramu 200, na kitu kikidondoka kutoka urefu wa mita 10 hufika chini kikiwa na kasi ya karibu kilomita 50 kwa saa. Ukiiweka simu hiyo kwenye ncha ya fimbo ya sentimita 90, kisha ukakaa kwenye bembea inayozunguka, ncha ile huenda kwa kasi zaidi kuliko mkono wako, na kibanio cha springi ndicho pekee kinachoizuia isiruke. Ndani ya mtelezo uliofunikwa kama bomba hatari ni nyingine: mtu anashuka chali, mikono ameikunja kifuani, na fimbo ikijitanua upande inaweza kukwama kwenye ukuta wa bomba huku yeye akiendelea kwenda.

Hayo sikuyajua kwa kusoma tu. Alasiri ileile tulikuwa tumesimama kando ya ile mashine ya viti vinavyoning'inia kwa minyororo, na kijana mmoja akawa amevuta fimbo yake yote ili awapige picha wenziwe waliokuwa nyuma. Mashine ilipokolea kasi tulisikia mlio mkavu wa bati. Simu ilikuwa imechomoka kwenye kibanio na kugonga uzio wa chuma, hatua kama mbili kutoka mahali mama mmoja alipokuwa amembeba mtoto mchanga. Mwendeshaji alizima mashine mara moja, akawashusha watu wote, akakagua viti kimoja kimoja kabla ya kuiwasha tena. Hakuna aliyeumia, Alhamdulillahi. Nilimtazama yule mama akihamisha mtoto wake kutoka bega moja hadi jingine huku mikono ikimtetemeka, na tangu hapo sina shaka yoyote kuhusu uhalali wa katazo hili. Ila fimbo ya kijana yule nayo ilipita kwenye meza ileile ya ukaguzi iliyopita yangu.

Bustani kubwa za nje ziliupitia mkondo huuhuu kabla yetu. Mwanzoni Disney iliwakataza wageni kutumia fimbo wakiwa juu ya mashine tu, ikitegemea vibao na maonyo ya wafanyakazi, lakini watu waliendelea kuzichomoa safari ikiwa imekwisha kuanza. Mnamo Juni 2015 rola kosta yao ya California Screamin', yaani gari la reli la kupanda na kushuka kwa kasi, iliyokuwa ikifika kasi ya takriban kilomita 88 kwa saa, ilisimama kwa zaidi ya saa moja kwa sababu abiria mmoja alitoa fimbo yake njiani. Siku chache baadaye, tarehe 30 Juni 2015, marufuku kamili ilianza katika bustani zao za Florida na California, na zile za Paris na Hong Kong zikafuata. Six Flags, kampuni nyingine ya Marekani yenye bustani za michezo, nayo ilizipiga marufuku mwaka huohuo. Hata kabla ya fimbo hizi kuenea, somo lilikuwa limekwisha kupatikana: huko Universal Orlando, bustani nyingine ya Florida, kulikuwa na magari mawili ya reli yaliyokuwa yakikimbizana na kupishana kwa karibu sana, yakiitwa Dragon Challenge, na mwaka 2011 waliacha kuyaachilia kwa wakati mmoja baada ya abiria kujeruhiwa na vitu vilivyoruka.

Ninachotaka wasimamizi wetu wakichukue kutoka huko ni mahali pa kuzuilia. Disney ilipoamua, fimbo ilianza kukamatwa kwenye ukaguzi wa mikoba mlangoni, na mgeni akapewa nafasi ya kuirudisha garini au hotelini, au kuiacha kwa wafanyakazi na kuichukua anapoondoka. Huko kijana wa juu ya ngazi hakuachiwa mzigo wa kuwa wa kwanza kumkatalia mtu aliyesubiri nusu saa juani.

Lipo jambo jingine ambalo kwa mji wetu lina uzito pengine kuliko hata usalama. Karibu na bwawa dogo kuna sehemu iliyozungushiwa uzio wa makuti, ambako akina mama hukaa na watoto wachanga, na wengi wao siku ile walikuwa wamevua mabuibui na kufunga leso kichwani. Nikiwa humo niliona fimbo ikichomoza juu ya uzio, simu ikiwa imeelekezwa kwetu. Aliyeishika alikuwa mvulana aliyetaka kupiga picha ya bustani nzima kutoka juu, nami naamini hakuwa na nia mbaya. Dada mmoja alipomwita aliishusha na kuomba radhi. Lakini picha ilikuwa imekwisha kupigwa. Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha, na tangu mwaka 2019 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Data. Kibandiko cha kule ngazini, hata ile nusu iliyosomeka, hakikugusa jambo hili kabisa, na mimi nilitarajia bustani ya Mombasa ilitangulize.

Wakati wa kuondoka niliomba kumwona msimamizi. Alinipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho, akaandika kwenye kitabu cha maoni na kuagiza nirudishiwe zile shilingi 300 za loka, jambo ambalo sikuliomba na ninamshukuru kwalo. Nilimweleza kwamba wengi wanaoingia pale kwa Idi ni wasemaji wa Kiswahili, wakiwamo bibi wanaowaleta wajukuu na ambao hawasomi Kiingereza, na kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi ya nchi hii. Akanipa kalamu na karatasi niandike mwenyewe ninavyotaka tangazo lisomeke. Niliandika: "Fimbo za selfi haziruhusiwi ndani ya bustani. Tafadhali iache mezani kabla ya kukata tiketi. Utapewa nambari na utaichukua ukitoka. Usimpige picha mtu mwingine bila idhini yake."

Nimerudi huko majuma sita baadaye na watoto walewale. Bango jipya limewekwa karibu na dirisha la tiketi, mahali ambapo mtu huliona kabla ya kutoa pesa, na mlinzi sasa anauliza kuhusu fimbo kabla ya kuuliza kuhusu chakula. Maandishi bado ni ya Kiingereza, na kuhusu kupiga watu picha bado hakuna neno. Kwa hiyo naongeza nusu nyota, na nusu nyota nyingine naiweka akiba mpaka nitakapoliona tangazo la Kiswahili.

Kwa anayepanga kwenda: fimbo iache nyumbani au garini. Simu itie kwenye mfuko usiopitisha maji wa kuvaa shingoni, unaopatikana kwa shilingi 200 au 300 kwenye maduka yaleyale ya vifaa vya simu, lakini ujue kwamba kwenye mtelezo mkubwa hata huo utaambiwa umwachie mtu chini. Loka hulipiwa mara moja na unaweza kuifungua utakavyo siku nzima, basi ichukue mapema, maana ifikapo saa tano asubuhi siku za sikukuu huwa zimekwisha. Na kama unataka video ya mwanao akishuka, simama upande wa kulia wa bwawa la chini, penye kivuli cha mkungu. Kutoka hapo mdomo wa mtelezo unaonekana wote, na ndipo niliposimama safari ya pili.